Tutaona, mbwa wa zizi letu



Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya mbuzi wa kupokezana. Hatukusahau. Lakini tangu siku ile ya mkutano, kila mama anayepita mbele ya zizi letu anauliza swali moja: "Ile imbwa ilikuwa inauma watu. Mulifanya nini mpaka inatulia vile?" Tumechoka kujibu mmoja mmoja. Basi tuandike mara moja, na wanaojua kusoma wawasomee wenzao.

Mbwa mwenyewe anaitwa Tutaona. Jina alipewa na mume wa mama mmoja wa kikundi, aliyekuwa na maneno na jirani yake. Mnajua wenyewe: mtu akishindwa kusema jambo usoni, anampa mbwa wake jina la jambo hilo, kisha jioni anamwita kwa sauti kubwa ili jirani asikie. Ugomvi uliisha, jina likabaki. Alipoletwa kulinda zizi alikuwa na mwaka mmoja hivi, rangi ya udongo, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Zizi lilikuwa na mbuzi 11, na kila mbuzi mle ndani alikuwa feza ya masomo ya mtoto wa mtu. Ndiyo sababu tulitaka mbwa mkali.

Tuseme ukweli namna tulivyomlea, maana tukificha hapo, mengine hayatasaidia mtu. Tulimfunga kamba fupi mchana kutwa. Vijana waliopita walimtupia mawe wakasema wanamzoeza ukali. Akibweka mchana tulimpiga kwa sababu anasumbua. Asipobweka usiku tulimpiga kwa sababu analala. Tulikuwa tukimwita "kuya!", naye anakuja, kisha tunamchapa kwa kosa la jana. Baada ya miezi michache akawa haji tena, hata ukimwonyesha mfupa. Tukasema mbwa huyu ni mjinga. Hakuna aliyejiuliza kama mtu mwenye akili angekuja.

Jioni moja mtoto wa miaka 7, kijana wa mama mwenzetu, alipita karibu na kamba akiwa na sahani ya bukari mkononi. Hakumchokoza. Tutaona alimrukia akamuuma mguu, nyuma ya goti chini kidogo. Kelele zikapanda mtaa mzima. Wanaume walikuja na fimbo na mapanga, na mama wa mtoto alikuwa mbele yao. Alisema, "Hii imbwa haioni asubuhi."

Mambo mawili yalifanyika vizuri jioni ile, na yote mawili hayakutokana na akili yetu sisi bali na muuguzi aliyekaa nyumba ya tatu kutoka pale. La kwanza, alikataza kuweka jiwe jeusi, pilipili, mafuta ya gari au unga wa betri juu ya kidonda. Alisema maji na sabuni, maji yanayotiririka, kwa dakika 15 nzima. Dakika 15 ni nyingi sana mtoto anapolia. Tulipokezana kumwaga maji kwa kikopo. La pili, aliwakataza wanaume kumuua mbwa.

Kwa nini? Kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo unakaa katika mate ya mbwa, na mtu akishaanza kuonyesha dalili zake, hakuna dawa tena, ni kifo. Lakini kabla ya dalili, chanjo inamwokoa, na jambo hilo linajulikana tangu mwaka 1885, pale Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akapona. Kama mbwa alikuwa na ugonjwa katika mate siku aliyouma, yeye mwenyewe ataugua au kufa ndani ya siku 10. Ukimuua na kumzika usiku ule, hujui tena chochote. Ukimfunga na kumtazama siku 10, unajua. Lakini, wa mama, sikieni vizuri: chanjo ya mtoto haingojei siku hizo. Inaanza mara moja. Mbwa akibaki mzima siku zote 10, ndipo muganga anaweza kusema inatosha.

Kituo cha afya cha karibu hakikuwa na chanjo. Ilibidi kwenda mjini na moto, asubuhi sana, mama na mtoto nyuma ya motari. Kikundi kiliuza mbuzi mmoja kulipa njia na sindano. Mbuzi huyo alikuwa na mimba, na mtoto wake alikuwa ameshapangiwa mjane mmoja. Mama huyo hakusema neno katika mkutano. Alisema kisimani, na hakusema uwongo: "Mutoto wangu atakosa kalasi juu ya imbwa."

Basi Tutaona alibaki na siku 10 za kamba. Nani atampa chakula? Hakuna aliyetaka. Wa mama wote tuliangalia chini.

Aliyejitolea ni mama mzee mmoja, mkimbizi wa upande wa Walikale, aliyefika kwetu na binti yake na wajukuu na sufuria moja. Hakuwa hata na mbuzi zizini. Alisema baba yake alikuwa muwindaji na alikuwa na mbwa wanne, na kwamba yeye utoto wake wote alilala karibu na mbwa. Tukamwachia, na wengine wetu tulifurahi kwamba kazi hiyo imepata mtu asiye wa hapa. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kwanza alikaa chini mbali kidogo na mwisho wa kamba, akampa mbwa ubavu, bila kumtazama machoni. Akatupa vichwa vya sambaza, kimoja kimoja. Tutaona alinguruma na hakula mpaka mama mzee alipoondoka. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne alikula mama mzee akiwa bado amekaa. Siku ya sita tulimwona akisimama mapema na kuangalia njia atakayokuja nayo. Siku ya nane mama mzee alianza kugonga ulimi wake juu ya kinywa, "tok", na mara ile ile kipande kinaanguka. Tok, kipande. Tok, kipande. Sisi tulisimama mbali tukicheka. Tulidhani ni mambo ya uzee.

Jioni alikuwa akitueleza. Mbwa wa baba yake hawakubweka kama hawa wa huku. Msituni wanavikwa shingoni kengele ya mti ili muwindaji ajue wako wapi, na wakati wa kutoka nyumbani kengele inajazwa majani isilie. Mnyama akipatikana, mbwa alipewa sehemu yake pale pale, kabla nyama haijabebwa. "Baba hakupiga imbwa," alisema. "Imbwa iliyopigwa unaipeleka mu pori, hairudi. Sasa utakula nini?" Mbwa wa namna hiyo Wazungu waliwachukua kutoka misitu ya Kongo, na tangu miaka ya 1930 wanawafuga Uingereza, wanawaonyesha katika mashindano, wakiwaita Basenji. Jina hilo linatokana na "basenji", neno la dharau walilokuwa wakiwaita watu wa vijijini. Mbwa amepata medali, sisi tumebaki na tusi. Tuendelee.

Siku ya kumi Tutaona alikuwa mzima, anakula, anakunywa maji. Mtoto naye kidonda kilikuwa kinafunga. Tukafanya mkutano: auawe au abaki? Mama wa mtoto alisema auawe, na hatukuwa na neno la kumjibu. Mama mzee aliomba miezi miwili. Akaweka masharti yake, na sisi tulishangaa kwamba mtu asiye na mbuzi anatuwekea masharti. Ua ujengwe, ili mbwa asifungwe mchana kutwa na watoto wasimfikie. Mtoto yeyote asimkaribie anapokula. Kila jambo liwe na neno moja, si kila mama na neno lake. Na fimbo isiingie ndani ya ua, hata mkononi mwa prezida wa kikundi. Tulipiga kura. Alishinda kwa kura mbili.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa chakula, na ulikuwa ugomvi wa haki. Mama mmoja alisimama akauliza namna gani mbwa apewe sambaza wakati kuna watoto hapa wanaolala na sombe bila chumvi. Mama mzee hakukasirika. Alionyesha mkononi: kipande ni kama punje ya haragi, si zaidi. Na si chakula cha kuongeza, ni kile kile cha mbwa cha kila siku, ukoko wa bukari, vichwa vya samaki, maganda ya viazi yaliyopikwa, ila badala ya kumwagiwa mara moja chini, anakipata kidogo kidogo kwa kazi. Kuanzia hapo mbwa hakula zaidi ya zamani. Alikula akifanya kitu.

Tulikosea sana, na makosa yetu yatawafaa kuliko mafanikio. Mwandishi wa kikundi alikuwa akichoshwa na kelele, akamtupia kipande kila alipobweka ili anyamaze. Ananyamaza, anakula, anabweka tena akingojea kingine. Juma zima tulikuwa tunamlipa mshahara wa kelele. Mwingine alimfundisha kukaa, "ikala", lakini alichelewa kutoa kipande. Alikuwa anatafuta katika kitambaa chake, na kabla hajakipata mbwa ameshasimama. Basi mbwa alielewa kwamba anapewa kwa kusimama. Mama mzee alisema kipande kifike kabla hujahesabu mbili. Kama mkono umechelewa, ulimi uwahi: ile "tok" inamwambia mbwa "hapo ndipo", halafu kipande kinakuja nyuma.

Hii si siri ya mama mzee peke yake. Huko Morogoro, Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya wakubwa, wale wale ambao sisi upande wa Walikale tunawajua kwenye sufuria, wanuse mabomu yaliyozikwa ardhini na wagundue kifua kikuu katika makohozi. Wanafundishwa kwa kisauti kidogo na kipande cha ndizi. Mmoja wao, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza. Hata hapa kwetu, Rumangabo, walinzi wa Hifadhi ya Virunga wana mbwa wa kunusa tangu mwaka 2011, wanaofuata nyayo za wawindaji haramu. Mbwa wa kunusa anafuata harufu kwa sababu mwishoni mwake kuna furaha yake. Fimbo haiwezi kumfanya anuse.

Neno "kuya" lilitushinda. Tulikuwa tumeliharibu wenyewe. Akilisikia anaingiza mkia kati ya miguu. Mama mzee alisema tuliache kabisa, kama sufuria iliyopasuka. Wito wake mpya ukawa ile "tok" mara mbili, na sheria ikawa moja: hakuna kumwita kwa jambo baya. Ukitaka kumfunga, mfuate wewe alipo. Akija, hata kama amechelewa, hata kama ametoka kuchimba shimo katika viazi vyako, anapewa kitu au anakunwa kifuani. Hapo kwenye viazi wengi wetu tulishindwa mara nyingi, tukubali. Kumkuna mbwa aliyeharibu mstari mzima wa viazi si kazi ndogo.

Neno lililochukua muda mrefu kuliko yote ni "nyamaza".

Hapa hatuhitaji kuwaeleza wa Masisi. Risasi zikilia usiku, mtu anashika watoto na kitambaa anaingia shambani. Huko, mbwa akibweka, amesema mahali mlipo. Tunajua nyumba ambazo baba alimuua mbwa wake kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kukimbia, mbwa aliyewalindia mbuzi miaka mitano. Hatuwahukumu. Lakini mama mzee alikuwa amefikiri juu ya jambo hilo tangu siku ya kwanza, na hakutuambia mpaka mwezi wa pili.

Alifanya hivi. Mtu anapita njiani, Tutaona anabweka. Mama mzee hamkemei, kwa sababu ukipiga kelele juu ya mbwa anayebweka, yeye anadhani mnabweka pamoja. Anangoja. Mbwa yeyote anavuta pumzi. Katika ile pumzi anasema "nyamaza" kwa sauti ndogo sana, tok, kipande. Mara ya kwanza kimya kilikuwa cha pumzi moja. Baadaye mpaka kuhesabu tano, baadaye ishirini. Kisha tukamwomba kijana mmoja apite akigonga kibati. Kisha apite usiku na tochi. Tukiona ameshindwa, tulirudi nyuma hatua moja, hatukumpiga. Ilichukua majuma tisa. Miezi miwili ya kwanza ilikwisha tukiwa katikati, na hakuna aliyekumbuka kuomba kura nyingine, isipokuwa mama wa mtoto, aliyekumbuka na akanyamaza.

Katika majuma yale kulizuka neno lingine katika mkutano. Mama mmoja kijana aliuliza: kama mbwa anaelewa bila fimbo, watoto wetu je? Palikuwa na kelele. Wengine walisema mtoto si mbwa. Mwingine akajibu kwamba hilo ndilo analolisema yeye pia. Hatukumaliza mazungumzo yale, na tunawaomba mtuandikie mawazo yenu. Tutayachapa bila majina.

Usiku wenyewe ulikuja wakati wa mvua. Milio ilianza kilimani, ikakaribia. Tulifungua zizi tukasukuma mbuzi tuliowaweza, tukashuka bondeni kwenye migomba, wa mama, watoto, wazee wawili. Katika giza mama mzee aligonga ulimi mara mbili. Tulidhani mbwa amekwisha kukimbia. Alifika amelowa, akaegemea magoti yake.

Baadaye watu walipita juu yetu, njiani, wakiwa na tochi. Hatujui walikuwa nani na hatukutaka kujua. Tulisikia maneno yao. Tutaona alisimama, manyoya ya mgongo yamepanda. Mama mzee akaweka mkono kifuani pake akasema neno lile, bila sauti karibu. Hakuwa na kipande chochote. Mkono mwingine ulikuwa umeshika mjukuu.

Aliyekuwa karibu na mbwa upande wa pili ni yule mtoto wa miaka 7. Tangu kuumwa alikuwa hapiti njia ya zizi; alizunguka nyuma ya shule. Mama yake alituambia asubuhi alichokiona, kwa maana alikuwa amemshika mkono mtoto na akahisi mkono ukitoka. Mtoto alikuwa na ukoko wa bukari katika mfuko wa suruali. Aliukata kwa vidole, kidogo kidogo, kama punje ya haragi, akaweka kiganja wazi chini ya mdomo wa mbwa. Alikuwa akituangalia miezi yote ile kutoka mbali, kumbe alikuwa akijifunza. Walipita. Hatujui ni dakika ngapi. Ukoko uliisha, mbwa akaendelea kulamba kiganja.

Asubuhi tulirudi. Mbuzi watatu hawakupatikana, na paa la jiko la mama mmoja lilikuwa limebomolewa. Mama mzee alikohoa siku nne kwa ajili ya baridi, sasa ni mzima. Mama wa mtoto bado hampendi Tutaona, na amesema hivyo mbele yetu, ana haki. Lakini jioni anakwangua sahani zake katika kibati na kumpa mtoto apeleke, na mtoto anapitia njia ya mbele.

Wenye mbwa: tumeomba chanjo ya kichaa cha mbwa kwa wahusika wa mifugo, na tukipata siku tutaitangaza hapa. Mlete mbwa kwa kamba ndefu, mtu mmoja anayemjua amshike, na mbebe kitu kidogo cha kumpa baada ya sindano. Fimbo ziachwe nyumbani.

Mbuzi wa kupokezana, juma lijalo. Wamebaki 7, na mjane yuko wa kwanza katika orodha.